Walipopekua Hawakuona Kitu



Ripoti ya upekuzi wa nyumba huwa fupi: tarehe, jina la mwenye nyumba, sahihi ya ofisa, na mara nyingi maneno mawili tu, hakuna kilichopatikana. Mtoto aliyekuwa amejibanza kando ya jiko ana mengi zaidi ya kusema. Ndiye ninayetaka tumsikilize leo.

Jeshi la Ujerumani liliingia katika nchi ya Wacheki tarehe 15 Machi 1939, na kesho yake Hitler akatangaza Himaya ya Bohemia na Moravia. Kijijini, ukoloni huo uligusa kwanza chungu cha jikoni. Chakula kiligawiwa kwa kadi, mifugo ikaorodheshwa, na mkulima akawa hana ruhusa ya kumchinja nguruwe wake mwenyewe bila kibali. Waliochinja kwa siri waliweza kuishia gerezani, hata kuuawa. Wacheki waliita jambo hilo uchinjaji mweusi. Sisi tungesema magendo.

Sasa mfikirieni mtoto wa miaka sita. Nyama ameila usiku, madirisha yamefunikwa. Asubuhi mama anamfuta midomo mara mbili na kumwonya: shuleni, jana tulikula viazi. Kumfundisha mtoto uongo ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kumfundisha macho yake, kwa sababu mtoto akijua mahali kitu kilipofichwa, hukitazama. Askari wakiingia, wakachoma nyasi za ghalani kwa singe, wakapanda darini na kugonga mbao za sakafu, mtoto anapaswa kuangalia kila mahali isipokuwa pale.

Redio ilikuwa na hatari yake. Kusikiliza idhaa za nje, hasa London, kulipigwa marufuku, na kila redio ilitundikwa kadi ya kumkumbusha mwenye nyumba kwamba adhabu ni jela au kifo. Baadaye mafundi waliagizwa kung'oa sehemu zinazopokea masafa mafupi. Watu wakaunda kidude chao, koili ndogo ya waya inayochomekwa jioni na kutolewa baada ya habari, wakakiita čerčilka, kwa jina la Churchill, waziri mkuu wa Uingereza. Kitu kidogo namna ile huenea hata ndani ya kopo la unga. Mtoto aliyekiona kikiingia mle alikuwa amebeba roho za nyumba nzima.

Halafu ukaja mwaka 1942. Tarehe 27 Mei, jijini Praha, Jozef Gabčík na Jan Kubiš, askari wa upinzani waliotumwa kutoka Uingereza, walimshambulia Reinhard Heydrich, mtawala wa Himaya. Akafa tarehe 4 Juni. Nchi nzima ikapekuliwa. Tangazo lilikuwa wazi: atakayewahifadhi washambuliaji atapigwa risasi pamoja na familia yake. Kuanzia hapo, mgeni aliyelala banda la uani alikuwa hatari kuliko nguruwe na redio kwa pamoja.

Askari kanzu wa Gestapo walifika Lidice, kijiji kilicho karibu na Kladno, kwa sababu ya barua yenye utata iliyonaswa kiwandani, na kwa sababu familia mbili za pale zilikuwa na vijana katika jeshi la anga la Uingereza. Walipekua. Hawakupata kitu cha kuwahusisha wanakijiji na shambulio lile. Tarehe 10 Juni wanaume 173 walipigwa risasi kwenye shamba la akina Horák, na magodoro yaliyotolewa kwenye nyumba za jirani yakaegemezwa ukutani ili risasi zisirudi. Magodoro hayo hayatoki kichwani mwangu. Nyumba zilichomwa, kuta zikalipuliwa, hata makaburi yakafukuliwa.

Wanawake walipelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück. Kati ya watoto 105 wa kijiji, 82 waliuawa kwa gesi katika kambi ya mauaji ya Chełmno. 17 tu ndio waliorudi baada ya vita. Wachache walikuwa wamechaguliwa kulelewa kama Wajerumani, na mmoja wao alikuwa Marie Doležalová, aliyejulikana baadaye kama Marie Šupíková. Alipewa jina jipya na wazazi wapya. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 15, alisimama Nuremberg kutoa ushahidi katika kesi dhidi ya maofisa wa Nazi.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo alipelekwa kumwona mama yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani. Mama alizungumza Kicheki. Binti alikuwa amekisahau. Kilichobaki kinywani mwake ni Kijerumani. Wakakaa wawili hao, wa mwisho waliojua ndani ya nyumba yao kulikuwa na nini, na hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake.