Kupendekeza Vitabu vya Wanawake Nyanda za Juu Kusini: Orodha Ipo, Kitabu Hakipo

Vitabu vya kumjengea mwanamke uwezo ni vile vilivyoandikwa na wanawake, au vinavyosimulia maisha yao kwa namna inayomtia msomaji moyo wa kuamua mambo yake. Maana hiyo inafahamika. Vitabu vyenyewe navyo vipo: Penina Muhando alitoa Heshima Yangu mwaka 1974 na Nguzo Mama mwaka 1982, Ndyanao Balisidya aliandika Shida (1975), na Zainab Burhani Mwisho wa Kosa (1987). Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja.

Nyanda za Juu Kusini zina hazina yao. Martha Mvungi alitumia ngano za Wahehe na Wabena katika Three Solid Stones (1975), na mwaka huohuo akatoa riwaya ya Hana Hatia. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia utumwa upande wa Mbeya, akiwemo Narwimba, aliyehangaika kuwakinga watu wa nyumba yake wasichukuliwe. Mwaka 1993 Marcia Wright aliyachapisha masimulizi ya namna hiyo kwa Kiingereza, lugha ambayo binti wa kidato cha kwanza Mbozi bado anapambana nayo.

Tatizo kubwa ni upatikanaji, na limedumu mno. Mchapishaji hutoa nakala chache. Zikiisha, husubiri oda kubwa, na oda kubwa huja kitabu kikiwa cha kiada au kiteule. Maduka ya Iringa na Mbeya hujaza rafu vitabu vya mitihani na vya dini, kwa kuwa ndivyo vinavyotoka Januari shule zinapofunguliwa. Kitabu kingine huagizwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye basi, takriban kilomita 500 hadi Iringa na zaidi ya 800 hadi Mbeya, na gharama ya mzigo humwangukia mnunuzi.

Matokeo yake huonekana mezani kwa mwanafunzi: karatasi za uchambuzi zilizotolewa fotokopi, zimebanwa pini kona moja, wino umefifia. Katika mchezo wa Nguzo Mama wanawake wa kijiji hujaribu kuisimamisha nguzo, kila mmoja akivutwa na shida zake. Kwenye karatasi zile, hayo yote yamekuwa mstari mmoja: dhamira, ukombozi wa mwanamke. Bi Msimulizi, anayesimulia mchezo huo, hasikiki kabisa. Binti hufaulu swali bila kuugusa mchezo, na hilo linasikitisha.

Hata nakala zinapofika, mara nyingi huishia kabatini. Mwalimu huogopa kulipishwa kitakachopotea, hivyo hulifunga kabati. Uteuzi wa vitabu nao una upungufu: riwaya zilizozoeleka kidato cha tatu na cha nne, yaani Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, zote ni za wanaume, ingawa Takadini inamweka mama katikati ya kisa.

Bila kuingilia majukumu ya mamlaka husika, inapendekezwa kwamba orodha yoyote ya vitabu itaje mahali nakala ilipo, na anayekipendekeza kitabu aje nacho mkononi. Shule zinunue nakala tano za kitabu kimoja kabla ya nakala moja moja za vitabu vitano, ili darasa lisome pamoja. Shule za mkoa mmoja ziunganishe oda. Mchapishaji atapata sababu ya kuchapa upya na mzigo wa basi utagawanywa. Maktaba za mikoa ziwe na Hana Hatia, kitabu cha mwandishi wa huku. Masimulizi ya akina Narwimba yapatikane kwa Kiswahili chepesi. Mihtasari inapopitiwa, waandishi wanawake wafikiriwe kuanzia kidato cha tatu. Makabati yafunguliwe. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe matumizi, kisihesabiwe hasara, na mwalimu asikatwe mshahara kwa ajili yake. Nakala ikiwa moja tu, isomwe kwa sauti darasani, mabinti wakipokezana kurasa, kabla karatasi za uchambuzi hazijagawiwa.