TUSIIHUKUMU KOMPYUTA KWA TARAKIMU MOJA
Maelezo kwa Makatibu wa Vyama Wanachama



Kompyuta ya chama ndiyo itunzayo hesabu za mizani na malipo ya wakulima. Ikizimika wakati wa malipo, mkulima hucheleweshewa haki yake. Ikibadilishwa bila sababu, fedha za wanachama hupotea bure. Kwa hiyo yatupasa tujue kusoma joto la prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote ndani ya mashine.

Kwanza, tujiulize kama tarakimu tunayoiona yawezekana. Mashine inayopozwa kwa feni haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimo. Ikiwa chumba kina nyuzi 28 za Sentigredi na kioo kinaonyesha 15, kipimo hicho si cha kweli. Vivyo hivyo, 127 isiyobadilika kamwe mara nyingi hutoka kwenye njia ya kipimo isiyounganishwa na kitu chochote.

Pili, kipimo chaweza kuwa kimeongezwa kwa makusudi. Mwaka 2017 kampuni ya AMD ya Marekani ilieleza kwamba prosesa zake za Ryzen 7 1700X na 1800X hutoa tarakimu iliyozidishwa kwa nyuzi 20, ili feni za prosesa zote za jamii hiyo ziendeshwe kwa utaratibu mmoja. Iliyoonyesha 58 ilikuwa na nyuzi 38 tu. Basi linganisheni programu mbili kabla ya kuamua.

Tatu, joto la kweli lina dalili zake: tarakimu hupanda na kushuka pamoja na kazi, feni huvuma, mashine hupungua kasi, na hatimaye hujizima. Mkiona dalili hizo, nakilini kwanza hesabu za chama mahali pengine. Joto likiruka hadi 90 kwa sekunde chache, yaelekea bamba la kupozea halikukaa sawasawa juu ya prosesa, au krimu ya kupitisha joto imekauka. Likipanda polepole, tazameni vumbi: zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, shikilieni feni isizunguke, ndipo msafishe kwa brashi laini.

Mwisho, kila Katibu aandike daftarini tarehe, joto la chumba, na joto la prosesa ikiwa imetulia na ikiwa kazini. Siku fundi atakaposema mashine haifai tena, Kamati itakuwa na la kumwuliza.