Mhudumu wa Maabara Aliyetufundisha Fizikia



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo aliniachia nichague mada mwenyewe, ila alisisitiza nisivuke saa ya chakula. Nimeamua kuzungumza juu ya watu wenye taaluma wanaoikimbia nchi yao, na yale yanayowapata wanapotaka kufanya tena, ugenini, kazi waliyoisomea. Huenda mtu akauliza jambo hilo linahusianaje na shule yetu. Waliokuwa kidato cha tatu pamoja nami mwaka 1998 hawataulizia.

Mnamkumbuka yule bwana aliyefika hapa mwanzoni mwa 1997, mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata jua la Oktoba. Kwao ni Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vita vilipoingia mji huo Oktoba 1996 alivuka ziwa pamoja na mkewe na mtoto mmoja. Kiunoni alikuwa amejifunga mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na shahada yake ya Fizikia aliyoipatia Bukavu. Juu ya karatasi hiyo palipigwa chapa Jamhuri ya Zaire. Mei 1997 nchi hiyo ikabadili jina. Ofisa mmoja aliyeonyeshwa shahada hiyo alisema hawezi kushughulikia karatasi ya nchi isiyokuwapo. Jambo hilo alilisimulia mwenyewe mbele yetu darasani, akicheka, nasi tukacheka, na tangu siku hiyo tukambandika jina la Mwalimu Zaire.

Nasema Mwalimu, lakini katika daftari la watumishi wa shule hakuwa mwalimu. Aliandikwa mhudumu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo, kuchota maji wakati bomba limekauka, na kutunza ufunguo. Mwalimu wetu wa Fizikia alipohamishwa katikati ya mwaka, darasa lilikaa wiki kadhaa bila mtu. Siku moja mhudumu wa maabara akaingia, akafuta ubao, akaandika swali. Hakuna aliyemtangaza. Tangu hapo akatufundisha kidato cha tatu, cha nne, na sisi tuliobaki hapa hapa, cha tano.

Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, nasi kwa utovu wa adabu wa ujana tulikiiga mabwenini. Kiingereza alijifunza usiku kwa kusoma kitabu cha Nelkon na Parker na kamusi pembeni, kurasa chache mbele yetu. Saba aliikata kwa mstari katikati. Penye nukta ya desimali aliweka mkato, hata tulipopima kani ya mvutano kwa kamba na jiwe tukaandika 9,81 kama yeye, na mwalimu wa Hisabati akatukosesha wote. Hatukuwa na daraja la mita la kupimia ukinzani wa umeme. Alichukua rula ya ubao, akanyoosha waya wa jiko la umeme lililoungua nyumbani kwa Mkuu wa Shule wa wakati ule, akaunga kwa misumari na makopo. Kilikuwa chombo kibaya kwa sura, lakini majibu yake yalikuwa ya kweli. Wahandisi watatu ninaowaona mbele yangu walianzia kwenye rula ile.

Mshahara wake ulikuwa wa mhudumu hadi alipoondoka. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilitaka mkimbizi akae kambini isipokuwa awe na kibali, na kuajiriwa kulihitaji kibali kingine. Cha kwake kilikuwa kikiongezwa muda kidogo kidogo. Mwaka 2001 hakikuongezwa. Alikabidhi ufunguo wa maabara Ijumaa, na Jumatatu tukakuta darasa halina mtu.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yangu, maana ndiyo iliyonipa sababu ya kusimama hapa. Ofisi yangu sitaitaja. Inatosha kusema kwamba kwa miaka kadhaa mezani kwangu yamepita majalada ya watu waliosoma nje ya nchi, wanaotaka vyeti vyao vitambuliwe. Nilichojifunza ni kwamba elimu ya mtu haivuki mpaka yenyewe. Kinachovuka ni karatasi, na karatasi huhitaji mtu wa upande huu anayejua kuisoma.

Chukueni mfano wa Kongo. Kwa mfumo wao wa zamani kijana alisoma chuoni miaka mitatu akapata 'graduat', kisha miwili akapata 'licence'. Hiyo ni miaka mitano kamili. Nimewahi kufungua jalada nikakuta karani ameandika dokezo kwa mwandiko mzuri kabisa: 'Mwombaji ameleta leseni tu, hakuleta digrii.' Yule mwombaji alikuwa amesoma miaka miwili zaidi ya karani. Kisha kuna alama. Katika vyuo hivyo vilivyofuata desturi ya Kibelgiji, 70 kwa mia tayari huitwa 'distinction', na vijana hodari wengi humaliza wakiwa na sitini na kitu. Msomaji wa kwetu akiona sitini na mbili hufikiri amepata mtu wa wastani.

Wapo waliovuka na karatasi zinazosomeka. Tanganyika ilipopata uhuru na wauguzi wengi Waingereza wakaondoka, walikuja wauguzi ishirini Waafrika kutoka Afrika Kusini, kwa mpango uliopitia chama cha ANC, wakaingia mawodini. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba wakati ule tulikuwa na madaktari kumi na wawili na wahandisi wawili nchi nzima, kwa hiyo hatukuwa na nafasi ya kuchagua sana. Mahmood Mamdani alifukuzwa Uganda pamoja na Waasia wenzake mwaka 1972, na mwaka uliofuata akawa anafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Okot p'Bitek aliikimbia Uganda hiyo hiyo akafundisha Nairobi. Siwapunguzii sifa. Lakini walitoka katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza yule yule aliyetutawala sisi, na aliyezipokea karatasi zao alizijua kwa kuzitazama tu. Mtu wa Uvira, ambaye kutoka hapa ni karibu kuliko Kampala, alikuja na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya Mfaransa na kwa hesabu za Mbelgiji.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki nionekane kama mtu anayewasema makarani akijiacha mwenyewe. Mwaka 2017 nililetewa jalada la mama mmoja, muuguzi kutoka Burundi, aliyekimbia katika vurugu za 2015. Alikuwa na nakala moja ya cheti, imelowa ikakauka, mhuri umefifia. Mkumbuke mwaka ule ulivyokuwa. Aprili ile ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na hakuna ofisa aliyetaka jina lake lionekane chini ya cheti chenye shaka. Nikaandika: 'Mwombaji awasilishe uthibitisho kutoka chuo alichosoma, kupitia mamlaka ya nchi yake.' Mbele ya waraka uliokuwapo nilikuwa sahihi kabisa.

Alirudi baada ya miezi miwili. Alisimama, hakukaa ingawa nilimwonyesha kiti. Akasema, 'Muheshimiwa, barua hiyo niipeleke kwa nani? Wenye mihuri ndio tuliowakimbia.' Nilimjibu kwamba nimemwelewa na kwamba taratibu ni taratibu. Hakurudi tena. Baada ya muda jalada lilifungwa kwa kukosa viambatisho, na aliyesaini kulifunga ni mimi.

Lililoniuma zaidi nililisoma baadaye, nilipokuwa nikitafuta jambo jingine. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1964, una ibara ya 25. Inasema kwamba mkimbizi akihitaji hati ambazo kwa kawaida hutolewa na serikali ya kwao, nchi iliyompokea ndiyo itakayompatia au kuhakikisha anapatiwa. Kwa maneno mengine, mtu niliyemtuma Bujumbura alipaswa kuhudumiwa hapa hapa. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi bila kuisoma ibara hiyo, na sikumbuki mkubwa wangu yeyote aliyenionyesha.

Wala si kwamba haiwezekani. Mwaka 2017 Baraza la Ulaya lilianzisha kile wanachokiita pasipoti ya sifa za kielimu kwa wakimbizi. Asiye na karatasi zote hukaa mbele ya watathmini wawili wanaoujua mfumo wa nchi aliyotoka. Humuuliza alisoma masomo gani, chuo kilikuwaje, mitihani ilifanywaje, na hulinganisha majibu na vipande vya karatasi alivyonavyo. Wakiridhika humwandikia hati ya miaka mitano. Hati hiyo si leseni ya kutibu wala ya kufundisha, ila humfikisha mtu mbele ya wanaotoa leseni akiwa na kitu mkononi. UNESCO ilijaribu mpango wa namna hiyo Zambia mwaka 2019, na Zambia haina utajiri wa kutushinda sana. Mtu mwongo hawezi kueleza kwa nusu saa, mbele ya mkunga mzoefu, namna ya kumhudumia mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Mama yule angeweza. Sikumuuliza.

Sasa narudi kwa Mwalimu Zaire, maana bado yuko hai na ana shida ambayo ufumbuzi wake umo katika ukumbi huu.

Alikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi. Alifundisha watoto wa kambini kwa posho. Hatimaye yeye na familia yake wakapelekwa Marekani. Alianza kwa kukata nyama kiwandani, zamu ya usiku, akiwa na miaka karibu hamsini. Kisha akapata nafasi ya msaidizi wa mwalimu katika shule moja, ambako, kwa maneno yake, anawasaidia vijana kufanya hesabu ambazo mwalimu wao amezikosea. Kule kila jimbo lina utaratibu wake wa kuwapa walimu leseni, na kwanza shahada ya kigeni husomwa na kampuni zinazofanya kazi hiyo. Shahada ile ya nchi isiyokuwapo, iliyovuka ziwa kiunoni, imesomwa ikakubaliwa.

Kilichobaki ni uthibitisho wa miaka aliyofundisha. Mwaka jana aliiandikia shule yetu kwa adabu sana, akaomba barua. Shule ikamjibu kwa ukweli wa daftari: kwamba alikuwa mhudumu wa maabara, kuanzia Februari 1997 hadi Agosti 2001. Mkuu wa Shule wa sasa hana kosa, na nimemwambia hivyo; ameandika alichokikuta. Miaka ya Nyarugusu nayo haina karatasi. Kwa hiyo, kwa mujibu wa maandishi, mtu yule aliyetufundisha ukinzani, mawimbi na mwendo wa sayari hajawahi kusimama mbele ya darasa katika nchi hii.

Aliniandikia mimi baada ya kuona jina langu mahali. Hakulalamika. Aliuliza kama ninakumbuka lile daraja la mita, na kama nadhani yupo mtu mwingine anayelikumbuka.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kijijini. Mama yangu hatupi kitu, jambo ambalo tumekuwa tukigombana naye juu yake miaka yote. Katika sanduku la chini ya kitanda nilikuta daftari langu la Fizikia la kidato cha tatu. Limeliwa na mende pembeni, lakini kila zoezi limesahihishwa kwa kalamu nyekundu, lina tarehe ya 1998 na herufi za jina lake, na kila desimali ina mkato. Sijapata kuona ushahidi wa kiserikali ulio wazi kuliko huo.

Mwanasheria mwenzetu ameandaa hati ya kiapo. Inasema kwamba sisi tuliotaja majina na miaka yetu tulifundishwa Fizikia na mtu huyu katika shule hii. Mkuu wa Shule amekubali kuandika barua mpya akiambatisha viapo hivyo, nami namshukuru hadharani. Mwenye daftari la zamani naomba asilione aibu, alete. Tutatoa nakala na kumrudishia. Waliosoma Fizikia hapa kati ya 1997 na 2001 nimewahesabu katika orodha ya leo: ni thelathini na wanne. Tangu asubuhi wamesaini kumi na mmoja. Kamishna wa viapo ameahidi kukaa nasi hadi saa kumi, na meza yake ni ile ya pembeni, karibu na mlango wa maabara.