Ratiba ya Reli ya Uhuru



Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilikataa kugharimia reli ya kuziunganisha Tanzania na Zambia, ikidai kwamba haingekuwa na faida. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China. Mwaka 1975 njia ilikamilika, kabla ya muda uliopangwa. Wengi wanausifu mwendo huo. Ni wachache wanaouliza ulipatikanaje.

Haukupatikana kwenye tambarare, ambako hata mzembe husonga mbele. Mtihani wa ratiba nzima ulikuwa kipande kifupi baina ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo njia inapanda kutoka bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja marefu, katika udongo unaoporomoka mvua zinapozidi. Kwa hiyo wapimaji walitangulia kuipita njia kwa miguu kabla taruma la kwanza halijalazwa.

Vikosi navyo havikuundwa kwa hotuba. Vijana wa Kitanzania, wengi wao wasio na ufundi, waliwekwa chini ya mafundi wa Kichina walioshika sururu wenyewe. Lugha ilipokosekana, mkono ulionyesha.

Hata hivyo hatari haikwishi kwa kupangiwa. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi hiyo, na baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto, mbali na makwao.