Majina na Hesabu: Sensa, Daftari za Usharika na Asili ya Familia za Kyela

Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika



Katika sura ya pili ya Injili ya Luka, Yusufu aliondoka Nazareti akapanda kwenda Bethlehemu, kwa kuwa kila mtu alipaswa kuandikwa katika mji wa ukoo wake. Sensa ya Tanzania huenda kinyume cha hapo. Mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mzaliwa wa Matema aliyelala Mbeya usiku ule ni mtu wa Mbeya katika hesabu, hata kama kaburi la babu yake liko ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Anayetafuta asili ya familia yake kwa njia ya sensa yampasa kuanza na jambo hilo.

Nchini Marekani kazi hii ni desturi ya watu wengi. Serikali ya shirikisho imehesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1790, na baadhi ya majimbo, kama New York mwaka 1915 na 1925, yalifanya sensa zao katikati. Karatasi zenye majina hufungwa kwa miaka 72, kisha hufunguliwa kwa umma. Zile za mwaka 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Hata hivyo, karatasi nyingi za sensa ya 1890 ziliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921, na familia nyingi tangu hapo hulazimika kuziba pengo hilo kwa sensa za majimbo na kwa vitabu vya makanisa.

Tanganyika ilifanya sensa yake ya kwanza ya kisasa ya Waafrika mwaka 1948, ikafuatiwa na ya 1957. Sensa ya kwanza ya Muungano ilikuwa ya 1967. Kisha zikaja za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Lakini mjukuu hapewi karatasi iliyoandikwa jina la babu yake. Sheria ya Takwimu inalinda siri za mtu mmoja mmoja, na kinachochapishwa ni jumla. Aidha, anayetafuta Kyela katika matokeo ya 1948, 1957 au 1967 ataikosa, kwa sababu wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe.

Je, hesabu hizo hazina faida? Zinayo, kwa anayejua kuzisoma. Zinaonyesha vijiji vilivyokuwa na wanawake wengi kuliko wanaume, na nyuma ya tofauti hiyo ziko safari za wanaume waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Zambia na ile ya Afrika Kusini. Wengine hawakurudi. Umri nao usomwe kwa tahadhari. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, hivyo makarani walitumia kalenda ya matukio: vita ya 1914, Uhuru, Azimio la Arusha. Ndiyo maana umri mwingi katika sensa huishia na sifuri au tano.

Lipo na jambo la Unyakyusa pekee. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938, walieleza vijiji vya rika: wavulana walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao na vijana wenzao, na baadaye wakaoa humo humo. Desturi hiyo imekwisha, lakini athari yake ni kwamba orodha ya zamani ya wenye nyumba, kama ile ya walipa kodi ya kibanda, haiweki baba na mwana pamoja. Jirani si lazima awe ndugu.

Kwa hiyo majina yatafutwe kanisani. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, na kwa utaratibu wa Kilutheri kila ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi yalipaswa kuandikwa. Daftari la ubatizo lina nafasi ya jina la mama. Hili si jambo dogo. Masimulizi ya ukoo hupita kwa wanaume, Mwa- huyu akamzaa Mwa- yule, na bibi aliyewalea wote husahaulika katika kizazi cha tatu. Mara nyingi daftari ndilo mahali pekee alipoandikwa.

Msomaji asishangazwe na tahajia. Mwakaleli iliandikwa na Wajerumani Muakareri. Basi anayetafuta ukoo chini ya L atafute na chini ya R. Tena aliyeitwa jina moja na wazazi wake huenda alichukua jingine siku ya ubatizo, kama Lusajo, yaani baraka, au Lwitiko, yaani imani. Barua za kuhama usharika nazo zisipuuzwe, kwani hueleza mtu alikokwenda wakati sensa husema tu kwamba hayupo.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, Waskoti wa Livingstonia walizisimamia sharika hizi kwa muda. Kumbukumbu za misheni hiyo zimo katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Upande wa Songwe, mpaka uliowekwa kwa mkataba wa 1890 unafuata mto ambao hubadili njia yake. Familia yaweza kujikuta ng'ambo bila kuhamisha hata chungu kimoja. Ndugu wa namna hiyo watafutwe pia katika vitabu vya makanisa ya Karonga.

Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kuliko yote nchini. Unyevu, mchwa na mafuriko havingoji kamati ikutane. Vijana wenye simu wapige picha kila ukurasa wa daftari za zamani, kwa idhini ya mchungaji na baraza la wazee, na nakala ziwekwe mahali pawili tofauti. Kurasa zilizoshikamana zisibanduliwe kwa nguvu. Picha za familia ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, wala si kwa wino.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 katika sensa ya 1967 alizaliwa karibu na mwaka 1947. Baadhi yao wangali wanaketi viti vya mbele kila Jumapili. Waulizwe walilala wapi usiku ule, pamoja na nani, na mama zao waliitwa nani kabla ya kubatizwa.