Shujaa Asiyeshindika na Suala la Taharuki katika *Adili na Nduguze*

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba riwaya ya kifantasia, yaani ile ambayo matukio yake yanavuka mipaka ya ulimwengu wa kawaida, hudhoofika mara mwandishi anapompa shujaa nguvu zisizo na mshindani, kwa kuwa taharuki, ile hamu ya kutaka kujua litakalotokea, haina nafasi pale ambapo ushindi umekwisha kujulikana. Ni rahisi kuitumia hoja hii kueleza kwa nini *Adili na Nduguze* (1952) ya Shaaban Robert huweza kumwacha msomaji na kiu. Kiu hiyo ipo kweli, lakini chanzo chake si hicho.

Kama nguvu za shujaa ndizo zinazoua taharuki, basi *Utendi wa Fumo Liyongo*, uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, usingesomeka. Shujaa wa utendi huu, Liyongo, hauawi na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hata hivyo, akiwa kifungoni hana la kufanya bila mama yake na kijakazi Saada. Vyakula vizuri vinavyoletwa huliwa na walinzi, mpaka mama anapooka mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau, unamfikia mfungwa, naye anakata minyororo huku kelele za ngoma ya gungu zikifunika mkwaruzo wa chuma. Wanafunzi fulani waliosomewa sehemu hii na mhadhiri wao hawakuuliza kama Liyongo atatoka. Waliuliza kama Saada atakaguliwa mlangoni. Swali lao linatosha kuiangusha hoja ya wahakiki hao, kwa maana taharuki hukaa kwa mnyonge aliye karibu na shujaa, anayeweza kupoteza kila kitu kwa ajili yake, au kwa mwana wa Liyongo mwenyewe, anayeahidiwa cheo pamoja na kuozwa binti wa mfalme ili amuue baba yake.

Shaaban Robert alikuwa na hazina kama hiyo mkononi. Usiku ambao Ikibali, mjumbe wa mfalme, anamwona Adili, shujaa wa riwaya hii, akiwachapa manyani wawili huku akilia, kisha akiwalisha na kuwabembeleza, msomaji anashikwa barabara, kwani anayeumia yupo na sababu haijulikani. Siri inapofichuka kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake waliomtosa baharini, hatari yote inakuwa imekwisha kupita, na wanapata msamaha na kurudishiwa umbo la binadamu kwa idhini ya wenye mamlaka, bila ya wao wenyewe kulazimika kuchagua jambo lolote zito. Hapo ndipo riwaya inapolegea: wema wa Adili haumdai gharama mtu yeyote aliyesimama kando yake, na Hasidi na Mwivu, ambao ndio waliopaswa kuitikisa hadithi mpaka ukurasa wa mwisho, wameachwa wakingoja kusamehewa.