Utaajiriwa na Nani?

(Mazungumzo ya mwanachama wetu kwa vijana na wazazi, baada ya tarawehe)

 

Nimeombwa nielezee masomo yangu. Nilipomwambia baba kwamba nataka kuendelea na fizikia ya maada kwa kompyuta, aliniuliza, "Utaajiriwa na nani?" Swali la haki. Digrii miaka minne, uzamili miwili, udaktari mitatu au zaidi, ndipo uanze kutafuta nafasi ya kufundisha chuo kikuu. Wenzangu wa uhasibu saa hizo washaoa! Na nyuma yangu kuna wadogo wawili na karo zao.

Kazi yenyewe ni kukadiria tabia ya kitu kabla hakijatengenezwa maabara. Kitapitishaje umeme? Kitafanya nini na mwanga? Hayo yote yako kwa elektroni. Sasa atomu moja tu ya silikoni, ile ya paneli za sola, ina elektroni 14, na kila moja yataka namba tatu kuonyesha ilipo: jumla 42. Na kipande kidogo tu kina atomu zisizohesabika. Hesabu hiyo haiwezekani. Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba yatosha kujua wingi wa elektroni kila mahali, na hapo namba ni tatu tu. Kohn huyu alikimbia Vienna akiwa na miaka 16, wazazi wake wakauawa na Wanazi, naye Waingereza wakamfunga kambini. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel, tena ya kemia!

Lakini msidhani kompyuta haikosei. Nilipojaribu silikoni kwa laptopu ya kuazima, pengo la nishati lilitoka kama 0.6 elektroni-volti, kitabu chasema 1.1. Nikarudia mpaka daku. Kumbe makadirio yenyewe ndiyo yenye kasoro hiyo, na yajulikana zamani.

Programu niliyotumia, Quantum ESPRESSO, ni ya bure. Mwaka 2012 shule ya Afrika ya fani hii ilifanyika Eldoret, na wako watafiti wa Kenya waliotumia kompyuta kubwa ya Cape Town wakiwa hapa hapa, kupitia intaneti. Kwa hivyo mashine si kizuizi kikubwa. Kizuizi ni ile miaka, na karo.

Baba yuko pale safu ya pili. Bado hajanijibu. Mzee yeyote mwenye swali kama lake, tukutane kibarazani, kahawa iko.